Igizo la nyimbo katika sekondari msingi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha Sanaa Bunifu na Michezo katika shule moja ya umma kaunti ya Kilifi, na kila muhula wa pili huandaa igizo la nyimbo pamoja na watoto wa Gredi ya 7 hadi ya 9. Maswali haya yametoka kwa walimu wenzangu wanaonipigia simu na kwa wazazi wanaonisimamisha langoni jioni. Yale ya sauti na utunzi nimeyajibu kwa urefu, kwa sababu hapo ndipo watoto wengi huvunjwa moyo. Mengine ni mafupi.

Igizo la nyimbo latofautianaje na mchezo tunaoupeleka kwenye tamasha?

Tamasha la kitaifa la drama na filamu, ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1959, huweka kila fani peke yake: mchezo, ngoma bunifu, shairi la kikundi, masimulizi ya mtu mmoja. Unashindana kuanzia zoni, unapanda kaunti ndogo, kaunti, jimbo, hadi taifa, na kila fani ina muda wake na majaji wake. Igizo la nyimbo hubeba hayo yote katika kisa kimoja. Mhusika husema mpaka maneno ya kawaida yakamwia machache, ndipo akaimba.

Kipimo changu ni hiki. Toa wimbo mmoja, kisha soma mswada. Kisa kikiendelea bila pengo, wimbo ule ulikuwa pambo, na watoto watauimba kama pambo. Kisa kikikatika, basi ulikuwa mahali pake.

Niandike igizo langu au nitafute lililokwisha andikwa?

Yako maigizo mashuhuri ya nje yaliyofupishwa kwa ajili ya umri huu. Kampuni ya Music Theatre International ya New York, kwa mfano, hutoa matoleo ya dakika 60 hivi, nyimbo zikiwa zimewekwa kwenye kimo wanachokifikia watoto, na muziki uliorekodiwa wa kuimbia. Lazima ulipie leseni, hata kama kiingilio chako ni bure na hadhira yako ni wazazi watupu. Walimu wengi hawalijui hilo.

Mimi huandika, na sababu kubwa si fedha. Igizo lililoandikwa mbali lina wahusika 12 wenye sauti 12 zilizokwisha pangwa, nawe unatafuta watoto wa kujaza nafasi hizo. Ukiandika mwenyewe, unaanza na watoto 46 waliosimama mbele yako chini ya mkwaju, na unauliza kila mmoja ana nini. Yule anayepiga mluzi kama ndege kinega, mpe mluzi katika onyesho la pili. Msichana anayejua kusuka makuti kwa kasi, mwandikie wimbo unaokwenda na mikono yake.

Je, naweza kuchukua wimbo wa injili au wa bongo fleva unaovuma, nikabadilisha maneno?

Si bila ruhusa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kubadilisha maneno hakukuondolei wajibu. Kubadilisha kwenyewe ni jambo la kuombewa idhini. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ndiyo ya kuulizwa. Tena fikiria hadhira: wimbo unaovuma ukianza, watu huacha kisa na kuimba toleo wanalolijua, na maneno ya watoto wako yakazama.

Sijawahi kutunga wimbo. Nianzie wapi?

Anzia kwenye mizani, yaani hesabu ya silabi katika kila mshororo. Hazina hii tunayo na tunaisahau. Ubeti wa utenzi una mishororo minne yenye mizani 8 kila mmoja, na mwalimu yeyote wa Kiswahili katika shule yako anaweza kukukagulia. Huu ni ubeti kutoka igizo letu moja, lililohusu mvulana aliyetoroka shule akafuata mashua ya uvuvi:

Mama kasimama pwani,
macho yake baharini,
mwanawe yu safarini,
na jua limeshazama.

Ubeti kama huu hujiimba wenyewe. Mpe mtoto kayamba, mwambie atikise taratibu, uwaache watoto wausome kwa sauti mara kumi. Kufikia mara ya saba kuna mmoja atakayeanza kupandisha mshororo wa tatu na kuushusha wa nne. Hapo washa simu urekodi, kwa sababu hatakumbuka alivyofanya.

Jambo la pili ni mkazo. Neno la Kiswahili huwekewa mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho: ba-HA-ri, sa-fa-RI-ni. Pigo zito la ngoma lazima lianguke hapo. Lisipoanguka hapo, msikilizaji husikia neno geni, ama hata neno jingine. Imba ba-ra-BA-ra, umesema njia. Imba ba-RA-ba-ra, umesema sawasawa. Nimesikia kwaya nzima ikiimba kwamba mgeni anakuja sawasawa, ilhali mtunzi alikusudia kwamba anakuja kwa njia kuu.

Hii ndiyo sababu tuni nyingi za Kizungu hazikai vizuri na maneno yetu. Tuni hizo mara nyingi humalizia mshororo kwa noti nzito ya mwisho, na mshororo wa Kiswahili humalizia kwa silabi nyepesi. Tunga tuni inayofika kileleni kabla ya mwisho, kisha iteremke hatua moja. Sikiliza akina mama wanavyoimba vugo harusini, utalisikia teremko hilo.

Jambo la tatu: usiwaogope wapokezi, yaani wale wanaoitikia. Wimbo wa kiongozi na kiitikio ni rahisi kwa watoto kuushika, na una faida ya jukwaani pia. Mwimbishaji akisahau ubeti, wapokezi hurudia kiitikio mpaka akumbuke, na hadhira haitajua.

Sauti za wavulana wangu wa Gredi ya 8 zimeharibika. Nifanye nini?

Hazijaharibika. Naomba walimu tuliache neno hilo, kwa sababu mtoto hulisikia na kulibeba miaka mingi. Nimekutana na wanaume wa miaka 40 ambao hawaimbi hata msibani, kisa mwalimu mmoja aliwaambia wakae kimya.

Kinachotokea ni kwamba zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, linakua na nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa. Kwa wavulana wengi jambo hili huanza kati ya miaka 12 na 14, na likimalizika sauti ya kusema itakuwa imeshuka kama oktavu nzima, yaani noti nane za ngazi. Mwalimu Mmarekani John Cooksey aliyaeleza mabadiliko hayo kwa hatua katika miaka ya 1970, na funzo lake kuu kwetu ni hili: katikati ya safari, eneo analoweza kuliimba mvulana kwa raha huwa finyu sana. Pengine ni noti tano au sita tu. Ukimpa wimbo wa noti kumi, atapasuka kwenye mbili za juu na kupotea kwenye mbili za chini, kisha darasa litacheka.

Mimi hufanya hivi. Namwita mtoto peke yake, mlango ukiwa wazi, namwomba ahesabu kurudi nyuma kutoka 20 kwa sauti yake ya kawaida. Natafuta kwenye kinanda noti iliyo karibu na sauti hiyo. Kutoka hapo tunapanda hatua moja moja, halafu tunashuka, tukitumia neno moja jepesi kama «nyumba». Naandika daftarini noti ya chini na ya juu anazozifikia bila kukaza shingo. Baada ya wiki tatu narudia. Kuna mvulana ambaye kati ya Mei na Juni alinipotezea noti nne juu na kuniletea tatu chini, na bila daftari nisingejua.

Ukishayajua hayo, kazi ni yako, si ya mtoto. Teremsha wimbo. Au mwandikie kiitikio cha noti nne chini ya tuni ya wengine. Au mgeuzie ubeti kuwa wa kughani, yaani aseme kwa mapigo huku ngoma ikimshika. Usimwambie anong'one, kunong'ona huchosha koo. Usimwambie pia aache kuimba mpaka sauti itulie, maana ataacha kwa moyo, si kwa sauti tu.

Sauti za wasichana nazo hubadilika, ingawa kwa kiasi kidogo. Utasikia pumzi nyingi ndani ya noti, au noti inakatika katikati bila sababu. Mwelezee kwamba ni ukuaji, umpe mishororo mifupi yenye nafasi ya kuvuta pumzi.

Na sauti ikivunjika wiki mbili kabla ya onyesho?

Imenipata. Mvulana aliyekuwa mvuvi mkuu katika lile igizo la mashua alifika Jumatatu akitoa sauti mbili kwa mshororo mmoja. Alilia nyuma ya choo cha wavulana, akasema apewe mwingine. Kosa lilikuwa langu: wimbo wake niliuandika Aprili kwa sauti aliyokuwa nayo Aprili, sikumpima tena.

Hatukumbadilisha. Tuni tuliwapa wapokezi, nao wakawa bahari. Yeye akasimama mbele ya mashua akaughani ubeti wake kwa sauti hiyo mpya, nzito na yenye mikwaruzo. Wimbo ule ulikuwa wa mtoto anayetambua kwamba hawezi kurudi alivyoondoka. Sijawahi kuandika kitu kilichokaa vizuri kama alivyokikalisha yeye.

Tangu hapo, kila mhusika mkuu ana mwenzake anayejifunza nafasi ileile, na kila wimbo wa mtu mmoja nauandikia vimo viwili.

Mwawachaguaje watoto?

Kila anayekuja anaingia. Usaili wangu ni wa kujua nani atakaa wapi, sio nani atafukuzwa. Siwaimbishi mmoja mmoja mbele ya wenzao siku ya kwanza; naanza na michezo ya duara, makofi, kuitana na kuitikiana, huku nikiandika. Anayeongoza mchezo bila kuambiwa, namwona. Anayesaidia mwenzake aliyepotea mapigo, namwona zaidi, kwa sababu jukwaani huyo ndiye nitakayemhitaji jambo likienda mrama.

Wa kigugumizi pia waje. Watoto wengi wenye kigugumizi huimba bila kukwama, na hata kusema pamoja na kundi. Anza naye ndani ya kiitikio. Akitaka mshororo wake peke yake, atakwambia.

Mimi ni mzazi. Mbona mwanangu hana hata neno moja la kusema?

Mama, baba, niulize mimi kabla hujamuuliza yeye, nakuomba. Huenda mwanao ndiye mpiga ngoma ya vumi, na vumi likichelewa watoto 46 wanachelewa. Huenda ndiye anayeshika daftari la mswada na kuwakumbusha wengine kutoka pembeni. Na huenda ni kweli nimempa kidogo kuliko anavyoweza. Nikikosea hivyo, nataka kujua mapema, kabla ya wiki ya sita, wakati mswada bado unakubali kubadilishwa.

Mazoezi yachukua muda gani, na tuyaweke lini?

Wiki kumi za muhula wa pili, siku tatu kwa wiki, onyesho likiwa katikati ya Julai. Muhula wa kwanza umebanwa na tamasha la drama, ambalo hufikia kilele Aprili. Miaka hii Ramadhani nayo yaangukia muhula huo, na sitaki kumchezesha ngoma alasiri mtoto aliyefunga. Muhula wa tatu ni mfupi, na Gredi ya 9 wana mtihani wa kitaifa. Kwa hiyo unabaki wa pili, na hata huo unagawana watoto na tamasha la muziki. Kaa na mwalimu wa kwaya wiki ya kwanza, mpange kwa kalenda moja.

Hapa kwetu kuna madrasa jioni. Nilipokuwa mgeni nilipanga mazoezi saa kumi kila siku, na nusu ya watoto hawakuja. Nilikasirika nao. Maalim mmoja akanijia kwa upole, akanieleza watoto walipo saa hiyo. Sasa tuna saa saba na nusu hadi saa nane, baada ya chakula, na Jumamosi asubuhi kwa wasio na madrasa. Dakika 30 zilizopangwa zinatosha ikiwa kila mtu anajua leo ni wimbo gani.

Wiki tatu za kwanza ni nyimbo tu, tukiwa tumekaa. Miendo huja baadaye. Mazungumzo watoto huyashika haraka kuliko mnavyodhani, kwa sababu wimbo umeshawaambia wahusika ni akina nani.

Ngoma gani twaweza kutumia?

Uliza kwanza ngoma hiyo ni ya nini. Sengenya ya Wadigo na Waduruma huchezwa katika furaha, na mafundi wake wengi hufurahi kuja kuwafundisha watoto. Chakacha asili yake ni ya wanawake harusini, na viuno vyake siwapi watoto wa miaka 13. Kifudu ni ngoma ya kiibada kwa Wamijikenda. Sijaigusa na sitaigusa. Mila zinazohusiana na kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ziliingizwa mwaka 2009 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na wazee wa kaya wapo, wanafikika. Nenda uwaone, ukae, ueleze igizo lako. Mara mbili wameniambia hapana, na mara moja wakanipa wimbo wa kazi ambao sikuwahi kuusikia.

Mzazi akisema dini yake haimruhusu mtoto kucheza ngoma, simbishii. Kuna kuimba, kughani, kuandika, kuchora mandhari, kuongoza onyesho kutoka pembeni.

Hatuna ukumbi wala vipaza sauti. Tufanyeje?

Fanyeni nje, mkiujua upepo. Julai kusi huvuma, na alasiri huwa mkali. Waigizaji wawe upande wa kusini, hadhira kaskazini, ndipo upepo uwabebee watu maneno. Nilifanya kinyume mwaka wa kwanza, na walionisikia vizuri ni mbuzi wa jirani na watu wa barabarani. Angalieni na jua: anzeni saa kumi, na hadhira isitazame magharibi, la sivyo itamwona kila mwigizaji kama kivuli. Mmalize kabla ya magharibi kuingia, watu wapate kuswali na watoto wafike nyumbani kukiwa na mwanga.

Ukuta ulio nyuma ya waigizaji husaidia sana kurudisha sauti mbele. Ukuta wa darasa unatosha.

Kuhusu stima, pangeni kana kwamba haipo. Kinanda ni cha mazoezini. Siku ya onyesho tunatumia chapuo, vumi, kayamba mbili na makofi. Mwimbishaji huipata noti yake ya kwanza kutoka kwa filimbi, naye amezoea hivyo tangu wiki ya tano.

Maleba yatoka wapi?

Makabatini mwa akina mama. Leso mbili zinamvika mtu yeyote: mfalme, bahari, mgonjwa, bibi harusi. Lakini someni jina la leso kabla ya kumvika mtoto. Hadhira yetu husoma, na maandishi ya mafumbo juu ya kifua cha malaika huwaambia watu jambo ambalo hukukusudia. Mara nyingine tumelitumia jina hilo makusudi, na ukumbi mzima wa akina mama ukashangilia kabla mhusika hajafungua kinywa.

Mandhari: makuti, magunia yaliyopakwa chokaa, mashua moja iliyokatwa kwa mbao za kreti. Msijenge nyumba. Mtoto akisema yupo nyumbani, watu watamwamini.

Naweza kuweka video mtandaoni?

Kwa idhini ya maandishi ya kila mzazi au mlezi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na sura yake ni taarifa zake. Mzazi mmoja akikataa, video haiendi, ama inakatwa mtoto yule asionekane. Waombeni wageni nao wasirushe moja kwa moja. Nalisema mwenyewe kabla ya wimbo wa kwanza.

Watoto wakikosea mbele ya watu, niingie?

Usiingie. Kaa mahali wanapoweza kukuona, uso wako uwe mtulivu. Wamezoea kuokoana kwa kiitikio. Ukisimama na kuwaelekeza kwa mkono, wote watakutazama wewe na kisa kitakufa palepale.

Baada ya onyesho kuna kazi gani?

Leso. Kila leso iliandikwa daftarini siku ilipofika: jina la mwenyewe, rangi, maandishi. Zifuliwe Jumapili, zianikwe kivulini zisipauke, zikunjwe kwa jozi. Jumatatu watoto wazirudishe wenyewe, nyumba kwa nyumba, wawili wawili, na waseme ahsante. Iliyochanika ishonwe kwanza. Mwaka jana mama mmoja alikataa kuipokea yake, akasema ile ilikuwa bahari sasa na ibaki shuleni. Imekunjwa kwenye kreti, juu ya kayamba.